Atomi Ngeni Hukaa Wapi? Hotuba kuhusu Kompyuta na Kathodi za Betri za Lithiamu

Mwenyekiti wa kikao, wahadhiri wenzangu, wanafunzi wa fizikia na kemia, na nanyi mafundi wa sola mliofunga karakana zenu asubuhi hii ili mje kutusikiliza, asanteni kwa kunipa nafasi. Nimeombwa nieleze jinsi kompyuta inavyotumika kuboresha kathodi za betri za lithiamu, yaani upande chanya wa betri, kwa kupachika atomi ngeni ndani yake. Somo hili ni pana, na mtu akilitapanya lote mezani wasikilizaji hutoka mikono mitupu. Kwa hiyo nitashika kathodi moja, ile ya fosfeti ya chuma na lithiamu, na swali moja ambalo kwa maoni yangu ndilo linalotenganisha ukokotozi wa maana na mchezo wa namba: atomi ngeni uliyoitia imekwenda kukaa wapi?

Betri iliyo hapa mbele yangu imetoka kwenye mfumo wa sola wa nyumbani. Fundi aliyenipa aliifungua kwa uangalifu, na walioko viti vya mbele wanaona seli nne za mviringo zilizoungwa mfululizo, kila moja ikiwa na maandishi ya volti 3.2, jumla yake volti 12.8. Seli ya simu zenu huandikwa 3.7 au zaidi kidogo, na tofauti hiyo haitokani na ufundi wa kiwanda bali na unga uliopakwa kwenye utepe wa alumini ndani ya seli, yaani kathodi. Unga huo mngeuona ni mweusi kama masizi. Nawaomba mkumbuke weusi huo, kwa sababu fosfeti yenyewe ikiwa safi ina rangi ya kijivu iliyopauka. Weusi umetoka mahali pengine, na nitaurudia.

Kathodi iliyofungua njia sokoni ilikuwa oksidi ya kobalti na lithiamu, ambayo John Goodenough na wenzake waliitangaza huko Oxford mwaka 1980 na kampuni ya Sony ikaiingiza kwenye biashara mwaka 1991. Mwaka 2019 Goodenough alishiriki Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na Stanley Whittingham na Akira Yoshino. Kobalti ina matatizo yake, na sisi wa ukanda huu hatuhitaji kuhadithiwa, maana zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka kwa jirani zetu wa Kongo, katika ardhi ya Kolwezi na vitongoji vyake. Mwaka 1997, akiwa tayari amehamia Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin, Goodenough pamoja na Akshaya Padhi na wenzao walitoa taarifa ya LiFePO4, yaani ile fosfeti ya chuma na lithiamu, kathodi isiyo na kobalti hata chembe. Chuma ni rahisi kupatikana, na oksijeni ya kathodi hii imeshikwa na fosforasi kwa nguvu kiasi kwamba haitoki ovyo betri inapopata joto. Kila gramu yake inaweza kinadharia kuhifadhi miliampea-saa 170. Kasoro yake ilikuwa moja, nayo kubwa: unga huo ulikuwa karibu haupitishi umeme kabisa.

Hapo ndipo wazo la kupachika atomi ngeni lilipoingia, jambo ambalo wataalamu huliita dopingi. Wapenzi wa riadha wanalijua neno hilo kwa sura yake mbaya, lakini katika fizikia halina hatia. Lilizoeleka kutokana na silikoni: ukitia atomi chache tu za fosforasi katikati ya atomi milioni za silikoni, kila fosforasi huleta elektroni moja ya ziada, elektroni hiyo huzurura ndani ya fuwele, na upitishaji umeme hubadilika kabisa. Mtu aliyelelewa katika somo la silikoni akiona kathodi isiyopitisha umeme, wazo linalomjia haraka ni hilohilo.

Mwaka 2002 kundi la Yet-Ming Chiang huko MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts, Marekani, lilitangaza kwamba kwa kutia kiasi kidogo cha niobi, zirkoni na metali nyingine zenye chaji kubwa, upitishaji umeme wa fosfeti ya chuma ulipanda kwa takriban mara milioni 100. Namba hiyo ilishtua watu. Wengine walishangilia, wengine wakasema kimoyomoyo kwamba hapa kuna aliyetia chumvi, ingawa vipimo vyenyewe vilikuwa vya kweli na hakuna aliyesema vimebuniwa. Miaka miwili baadaye kundi la Linda Nazar la Waterloo, Kanada, lilitoa maelezo mengine: tanuri linapochoma malighafi zenye kaboni, sehemu ndogo ya fosfeti hugeuka kuwa fosfaidi ya chuma, ambayo hupitisha umeme kama metali, nayo pamoja na mabaki ya kaboni hutandaza mtandao mwembamba juu ya punje. Kwa maelezo hayo umeme haukuwa ukipita ndani ya fuwele iliyoboreshwa na niobi. Ulikuwa ukipita juu ya ngozi yake. Na tangu mwaka 1999 Michel Armand, Nathalie Ravet na wenzao walikuwa wameshaonyesha kwamba kupaka kaboni peke yake kunaifanya kathodi hii ifanye kazi vizuri. Weusi wa unga niliowaomba mkumbuke ndio huo.

Basi nani alikuwa na haki? Maabara mbili zenye sifa zimepima, na kila moja ina maelezo yake. Hapa ndipo kompyuta inapoitwa shahidi, kwa kuwa inaweza kufanya jambo lisilowezekana tanurini: inaweza kuweka niobi kwenye kiti kimoja tu, yaani nafasi ya atomi moja, cha fuwele isiyo na kaboni, isiyo na uchafu, isiyo na mipaka ya punje, kisha ikauliza gharama yake ya nishati ni nini.

Niruhusuni nionyeshe kazi hiyo kwa karibu. Kisanduku kidogo kabisa cha LiFePO4 kinachojirudia katika fuwele kina atomi 28: lithiamu 4, chuma 4, fosforasi 4 na oksijeni 16. Ukipachika atomi moja ngeni badala ya chuma kimoja, tayari umebadilisha robo ya chuma chote, kiasi ambacho hakuna mtu anayekitumia. Kwa hiyo unakirudufu kisanduku mara nne, unapata atomi 112 zenye viti 16 vya chuma, na atomi moja ngeni sasa ni asilimia 6.25. Ukitaka kupachika mbili, kuna namna 120 za kuchagua viti hivyo viwili kabla hujazingatia ulinganifu wa fuwele. Unaiacha kompyuta isogeze atomi zote kidogo kidogo mpaka kila moja itulie, ndipo unasoma nishati ya jumla. Namba hiyo peke yake haina maana yoyote. Maana iko katika tofauti ya namba mbili.

Chukueni volteji. Unakokotoa nishati ya fosfeti yenye lithiamu, unatoa nishati ya fosfeti iliyoondolewa lithiamu, unatoa nishati ya metali ya lithiamu, na ukiona kwamba nishati imeshuka kwa elektronivolti 3.5 (kipimo cha nishati ya chembe) kwa kila lithiamu iliyoingia, basi volteji ya kathodi dhidi ya metali ya lithiamu ni 3.5. Hakuna kipimo kutoka maabara kilichoingizwa humo. Msingi wake ni nadharia ya msongamano wa elektroni, iliyowekwa na Pierre Hohenberg na Walter Kohn mwaka 1964, kisha Kohn na Lu Sham mwaka 1965, ambayo huturuhusu kufuatilia wingi wa elektroni katika kila nukta badala ya kuifuatilia kila elektroni kivyake. Hata hivyo gharama bado ni kubwa, kwa sababu kwa njia ya kawaida ukizidisha idadi ya atomi mara mbili, kazi ya kompyuta huongezeka kama mara nane.

Nadharia hiyo, ikitumika kwa sura yake nyepesi, ina udhaifu ambao mwanafunzi wa kathodi lazima aujue kabla hajagusa kibodi. Hupenda kuitandaza elektroni sawasawa juu ya vyuma vyote, kama samli iliyoyeyuka juu ya chapati ya moto, ilhali katika fosfeti hii elektroni hung'ang'ania chuma kimoja na kukunja mazingira yake. Matokeo ni volteji iliyo pungufu kwa takriban nusu volti. Fei Zhou, Gerbrand Ceder na wenzao walionyesha mwaka 2004 kwamba ukiongeza marekebisho yanayoitwa U, yaani adhabu ya nishati kwa elektroni zinazobanana kwenye atomi moja, volteji hurudi karibu na ile inayopimwa. Ung'ang'anizi huo wa elektroni una maana nyingine pia kwa ugomvi wetu: elektroni isiyozurura haiwezi kufanya yale ambayo elektroni ya ziada hufanya katika silikoni. Mfano wa silikoni uliletwa mahali usipofaa.

Nina deni la kukiri kosa langu hapa. Nilipokuwa mwanafunzi niliacha ukokotozi wa fosfeti ukiendelea siku tatu, umeme ukakatika mara mbili, nikauanzisha upya kila mara, na mwishowe nikapata volteji isiyofanana na chochote kilichowahi kuandikwa. Nililaumu umeme, nikailaumu programu, nikailaumu hata kompyuta ya idara. Kosa lilikuwa langu: nilisahau kuiambia programu kwamba chuma ni cha sumaku. Chuma chenye chaji 2 katika fuwele hii kina elektroni 4 zisizo na mwenzi, chenye chaji 3 kina 5, na mimi nilikuwa nimezioanisha zote kwa nguvu. Tangu siku hiyo, mwanafunzi akiniletea namba ya ajabu, kitu cha kwanza ninachotazama kwenye faili lake ni mstari wa usumaku.

Turudi kwa shahidi. Mwaka 2005 Saiful Islam na wenzake wa Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, walichunguza kasoro za fuwele hii pamoja na atomi ngeni nyingi, zenye chaji kuanzia 2 hadi 5. Wala hawakutumia nadharia ya elektroni niliyoieleza. Walitumia mbinu nyepesi zaidi inayozichukulia ioni, yaani atomi zenye chaji, kama vitufe vinavyovutana na kusukumana, ikipimwa dhidi ya muundo halisi wa fuwele. Waligundua kwamba atomi ngeni zenye chaji 2, kama manganizi, hukaa kwa raha kwenye kiti cha chuma kwa sababu chaji zao zinalingana. Zile zenye chaji kubwa, zikiwemo niobi na zirkoni, gharama yake ya nishati ni kubwa zikiwekwa kwenye kiti cha chuma au cha lithiamu. Sababu si fumbo: niobi yenye chaji 5 ikikalia kiti cha lithiamu yenye chaji 1, chaji 4 za ziada lazima zifidiwe, ama kwa lithiamu nyingine 4 kuhama ama kwa elektroni kuingia mahali ambapo haziwezi kukaa kwa amani.

Ukokotozi huohuo ulionyesha njia ambayo lithiamu hupita. Haiendi kila upande; hupita kwenye mfereji mmoja ulionyooka kuelekea upande mmoja wa fuwele, na hata ndani ya mfereji huo haiendi moja kwa moja bali hujipinda kama nyoka kutoka kiti hadi kiti, ikivuka mwinuko wa nishati wa elektronivolti 0.55. Kundi la Ceder lilikuwa limepata picha ya mfereji huo mwaka 2004 kwa ile nadharia ya elektroni. Kisha mwaka 2008 Shin-ichi Nishimura, Atsuo Yamada na wenzao wa Japani wakaimulika fosfeti kwa nyutroni, na ramani waliyoipata ya mahali lithiamu inapopita ilikuwa na kipindapinda kilekile. Kwangu mimi hilo ni mojawapo ya matukio ya kupendeza kabisa katika fani yetu: njia ya atomi ilichorwa kwenye kompyuta miaka mitatu au minne kabla ya kuonekana kwa kipimo.

Mliowahi kutembea Lamu mtaelewa mara moja athari ya njia ya namna hii. Katika uchochoro mwembamba, punda mmoja mwenye mzigo akisimama, wote walio nyuma husimama, kwa kuwa hakuna pembeni pa kupita. Chuma kimoja kikibadilishana kiti na lithiamu, kosa ambalo ukokotozi unasema ndilo rahisi kutokea kuliko yote, mfereji mzima huziba hapo. Ndiyo maana punje ndogo sana za unga huu hufanya kazi vizuri kuliko kubwa: mfereji mfupi una nafasi ndogo ya kukutana na punda. Na ndiyo maana swali la kiti ni zito. Ikiwa niobi imekaa kwenye kiti cha lithiamu, hata kama ingeleta faida ya elektroni, nayo imesimama uchochoroni.

Ningependa kumaliza kisa hiki kwa kusema kwamba kompyuta ilishinda, lakini haikwenda hivyo. Mwaka 2008 Marnix Wagemaker, pamoja na Nazar mwenyewe na wenzao, walitumia miale ya eksi na nyutroni kwa pamoja na kuthibitisha kwamba atomi zenye chaji kubwa huingia kweli ndani ya fuwele, mpaka takriban asilimia 3, na kwamba hukaa hasa kwenye viti vya lithiamu huku nafasi tupu za lithiamu zikifidia chaji. Chaji ya chuma ilibaki 2 ileile, na kwa hiyo upitishaji wa elektroni ndani ya fuwele haukutarajiwa kubadilika kwa maana yoyote. Angalieni jinsi haki ilivyogawanyika: Chiang alisema atomi zinaingia, nazo ziliingia, Nazar alisema hazileti umeme ule, nazo hazikuleta, Islam alisema gharama ni kubwa, na kiasi kilichoingia kilikuwa kidogo. Ukokotozi wa fuwele iliyotulia kwenye sifuri ya joto hauwezi peke yake kueleza kila kinachotokea tanurini kwa nyuzi 600 na zaidi, ambako joto lenyewe husaidia vurugu. Mwanafunzi anayeandika kwamba atomi fulani “haiwezi kuingia” kwa kuwa namba ya gharama ya nishati imetoka chanya aandike badala yake kwamba haitaingia kwa wingi, tena aseme chini ya masharti gani.

Kuna upande ambao ukokotozi ulitangulia na maabara ikafuata. Mwaka 1998 Ceder na wenzake wa MIT walikokotoa kwamba kutia alumini badala ya sehemu ya kobalti kwenye ile oksidi ya zamani kungepandisha volteji. Wazo hilo lilionekana la kipuuzi, kwa sababu alumini haibadilishi chaji. Haitoi wala haipokei elektroni. Lakini hesabu ilionyesha kwamba elektroni inayokuja na lithiamu huenda kwa kiasi kikubwa kwenye oksijeni, si kwenye metali peke yake kama vitabu vingi vilivyosema. Waliitengeneza, wakaipima, volteji ikapanda. Alumini hiyo ina bei yake, kwa kuwa kila kiti inachokikalia ni kiti kisichohifadhi chaji, kwa hiyo hutiwa kidogo. Leo iko katika kathodi maarufu ya nikeli asilimia 80, kobalti 15 na alumini 5, ambamo kazi yake kubwa ni kuishika oksijeni isitoroke. Kwa kathodi za nikeli nyingi, zinazotamaniwa kwa sababu zinapunguza kobalti, swali la kiti linarudi kwa sura nyingine: alumini husambaa ndani ya fuwele, ilhali tungsteni hupenda kujikusanya kwenye mipaka ya punje, na kila moja husaidia kwa namna yake. Anayezikokotoa zote mbili ndani ya fuwele kamilifu isiyo na mipaka amejibu swali la alumini na kuliacha la tungsteni.

Kuhusu fosfeti yenyewe, mpachiko uliofanikiwa kibiashara ni ule mtulivu ambao hesabu iliupendelea, wa manganizi kwenye kiti cha chuma. Sehemu ya chuma hutoa chaji kwenye volti 3.5 hivi na sehemu ya manganizi kwenye 4.1, hivyo nishati inaongezeka bila kuongeza uzito wa kutajika.

Fundi mmoja aliniuliza mlangoni kama kuna dawa ya aina hii ya kudunga kwenye betri iliyochoka. Jibu ni hapana. Atomi ngeni hutiwa unga ukiwa bado unapikwa. Ukishapakwa kwenye utepe na kufungwa ndani ya seli, mlango umefungwa, na anayewauzia kichupa cha kufufua seli ya lithiamu anawauzia hatari.

Nimeulizwa pia kama kazi hii inawezekana kwetu. Programu ya Quantum ESPRESSO, iliyolelewa huko Trieste, Italia, hupatikana bure. Hifadhi ya Materials Project, iliyoanzishwa mwaka 2011, ina miundo na nishati za maelfu ya fuwele, kathodi zikiwemo. Mfululizo wa shule za Kiafrika za ukokotozi wa elektroni ulianza Cape Town mwaka 2010, mwaka 2012 ukafika Eldoret, na tangu wakati huo umepita Accra, Addis Ababa na Kigali. Kisanduku cha atomi 28 huenda kwenye kompyuta nzuri ya mezani. Kile cha atomi 112 kinahitaji mashine kubwa na subira. Tahadhari yangu ni moja. Kwa joto la chumba, mwinuko wa nishati ambao lithiamu huuvuka ukipungua kwa elektronivolti 0.06, lithiamu huruka kwa kasi ya mara 10 hivi. Lakini makosa ya kawaida ya mbinu zetu hufika 0.1, sawa na karibu mara 50. Kwa hiyo tunapolinganisha atomi ngeni mbili zilizokokotolewa kwa njia moja tunaweza kuamini ipi ni bora. Tunapotaja kasi yenyewe, tutaje kwa haya.

Nimeleta faili la kisanduku cha atomi 28, likiwa na mstari wa usumaku ulioandikwa sawasawa, na nimelinakili kwenye kila kompyuta ya maabara iliyo mkabala na ukumbi huu. Mtapachika magnesi: watakaokaa upande wa mlangoni wataiweka kwenye kiti cha chuma, na watakaokaa dirishani wataiweka kwenye kiti cha lithiamu, ambako itawalazimu kwanza waamue ni lithiamu ipi nyingine itolewe ili chaji ilingane. Tukianza sasa hivi, na umeme ukitukubalia, kufikia saa kumi jioni tutakuwa na namba mbili za kulinganisha.